Mali kauli ukutani: picha za wasanii wa Mwanza zinapoingia maofisini

Kwa miezi minane picha ile ilining'inia mapokezi bila mtu kuiulizia chochote. Ilikuwa picha ya foleni ya kivuko upande wa Kigongo: malori mawili, basi moja lililojaa mizigo juu, na mbele kabisa kijana anayeuza mayai ya kuchemsha, kabana chumvi kwenye kipande cha gazeti. Wateja walikaa chini yake wakisubiri kuitwa, macho yakiwa kwenye simu. Halafu siku moja tukabandika pembeni yake karatasi ndogo yenye jina la mchoraji na mtaa anakokaa, Mabatini. Wiki hiyohiyo mama mmoja aliyekuwa anafuatilia madai ya bima alisimama mbele ya picha, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, akamwambia mlinzi: "Huyu aliyechora alikuwa anavuka kweli. Ona yule kijana anavyoishika chumvi."

Mlinzi wetu, ambaye kwa kawaida huulizwa choo kiko wapi na basi, akamjibu: "Ni kijana wa hapo Mabatini, mama. Anapitaga hapa Ijumaa."

Nilikuwa mtu wa masoko katika ofisi hiyo, na kazi ya picha nilitupiwa mimi kwa sababu hakuna aliyeitaka. Tangu hapo nimezungumza na wachoraji, mafundi fremu na mameneja kadhaa wa matawi hapa mjini, na kila mara nasikia sentensi ileile: kampuni itundike kazi za wasanii wa hapa, jamii itajengeka. Sikatai. Ila sentensi hiyo imefunga mambo mengi kwenye fundo moja. Ndani yake kuna pesa, kuna sheria, kuna ladha ya bosi, na kuna suala la mlango, yaani nani anaruhusiwa kuingia kuitazama hiyo sanaa. Kampuni nyingi hutundika picha kwanza, mafundo zikaja kuyakuta baadaye.

Ukuta wenye picha si mgeni Usukumani. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walikuwa wakichora kuta za ndani za nyumba zao, na michoro hiyo iliambatana na mafunzo ya wanachama wapya. Hans Cory, mtafiti wa mila aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1953. Aliyekuwa ndani ya nyumba ile alijua kila umbo lina habari gani, na kama hakujua alikuwepo wa kumweleza. Nenda Bujora, kule Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka mjini, utakuta jambo linalofanana na hilo: padre David Clement kutoka Kanada alianza kazi yake pale miaka ya 1950, na leo kanisa na makumbusho vipo eneo moja, alama za Kisukuma zikiwa mahali ambapo watu tayari wanakusanyika kwa shughuli zao.

Ukuta wa ofisi una wenyewe. Kuna picha ya Mwalimu, picha ya Rais aliyepo madarakani, leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi, kalenda ya benki, na ile fremu ya dira na dhima ambayo sijawahi kumwona mtu akiisoma mpaka mwisho. Zamani mchoraji alikuwa na nafasi yake hapo nje: ndiye aliyeandika jina la duka juu ya mlango, akachora mkasi wa kinyozi na soda yenye povu. Mashine za kuchapa mabango ya fleksi zilipoingia, kazi hiyo ikapungua sana. Wapo waliohamia kwenye kuta za shule za awali, wapo wanaoandika majina ya mitumbwi, na wapo waliobaki na kanvasi nyumbani wakisubiri mteja ambaye hajui kama wapo.

Kwa wenzetu jambo hili limezoeleka. David Rockefeller alianzisha mkusanyo wa sanaa wa benki ya Chase Manhattan mjini New York mwaka 1959. Sanlam ya Afrika Kusini ilianza wa kwake mwaka 1965. Lakini mikusanyo ya namna hiyo ni mali ya kampuni, inatunzwa kama rasilimali na kuongezewa hadhi mwaka hadi mwaka. Anayetaka kujenga ujirani na mtaa wa Igogo hawezi kuuchukua mfumo huo mzimamzima, kwa sababu hautegemei mchoraji na mtazamaji wafahamiane.

Sisi tuna kosa letu jingine. Meneja akisema anataka sanaa ya Kitanzania, mara nyingi mtu wa manunuzi anapiga simu Dar es Salaam na kuagiza Tingatinga. Siwabezi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi na kufa mwaka 1972, aliacha mtindo unaolisha familia nyingi mpaka leo. Lakini twiga na chui waliosafirishwa kwa basi kutoka Dar hawamfahamishi mteja wa Nyakato na mtu yeyote. Kama lengo ni ukuta kupendeza, agiza. Kama lengo ni jamii, anza na mchoraji ambaye mteja wako anaweza kukutana naye kwenye daladala.

Sasa pesa, maana hapo ndipo penye ugomvi.

Ofisi inaweza kununua picha. Inaweza kuikodi. Inaweza kuagiza ichorwe. Au inaweza kuipokea tu, iitundike, na ikipata mnunuzi mchoraji alipwe. Hii ya mwisho ndiyo inayopendwa zaidi na maofisi, na kila mwenye duka Mwanza anaijua kwa jina lake: mali kauli. Unampa mwenzako mzigo kwa neno, akiuza anakuletea chako. Mwaloni pale Kirumba dagaa wanakwenda hivyo, vitenge vinakwenda hivyo.

Shida ni kwamba mali kauli inafanya kazi mahali ambapo mzigo unatembea. Mwenye duka anataka kuuza, mteja kaja kununua, wiki haiishi pesa imerudi. Mapokezi ya ofisi ya bima au ya benki hakuna aliyekuja kununua picha. Mtu kaja na wasiwasi wake, ana namba mkononi, anataka aondoke. Tuseme mchoraji kaweka picha tano, kila moja shilingi 400,000. Kanvasi kanunua, rangi kanunua, fremu kalipia. Mtaji wake wote umelala ukutani kwako, wewe unapata mapokezi mazuri bure, yeye hawezi hata kununua rangi ya picha ya sita. Baada ya miezi minne anakuja kuzichukua, na wafanyakazi wanasema wasanii hawaeleweki.

Mimi nilifanya hivyohivyo mara ya kwanza. Nilimwambia yule mchoraji wa Mabatini neno ambalo sasa nikilisikia linanikera: "Tutakutangaza." Akanitazama, akacheka kidogo kwa adabu, akasema, "Sawa kaka, ila mwenye nyumba wangu hajawahi kupokea tangazo."

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama ofisi haitaki kununua, ilipe kodi ya picha kila mwezi, hata iwe ndogo, na picha ibaki ikiuzwa. Akipatikana mnunuzi, mchoraji apokee bei yote au sehemu iliyoandikwa tangu mwanzo, kisha alete nyingine kujaza nafasi. Kodi hiyo inabadilisha tabia za pande zote mbili. Kampuni ikilipia kitu inakikumbuka: inauliza kama kimepinda, inamjulisha mwenyewe bomba likivuja juu yake. Mchoraji naye ana sababu ya kupita kila mwezi, na kule kupita ndiko kunakofanya mlinzi amjue. Kununua ni kuzuri kwa mfuko wa msanii siku hiyo, sitamshauri yeyote akatae, lakini picha ikishanunuliwa uhusiano huisha kwenye vocha ya malipo.

Kuagiza kuna heshima yake na vituko vyake. Mpe msanii nusu ya malipo kabla hajaanza, kubalianeni ukubwa na tarehe, kisha mwache. Najua tawi moja ambako bosi alitaka samaki wote wawe na rangi za nembo ya kampuni. Sangara wakatoka wa zambarau. Picha ipo mpaka leo, nyuma ya printa.

Halafu kuna mhasibu. Wa kwetu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na maswali ambayo mimi sikuwa na majibu yake: mchoraji ana TIN, ile namba ya mlipakodi? Atatoa risiti ya mashine ya EFD? Kodi ya zuio inakatwa au haikatwi? Malipo haya yanaingia fungu gani, samani, matangazo au msaada kwa jamii? Usimpuuze mtu huyu. Wachoraji wengi wanafanya kazi peke yao, biashara zao ni ndogo, hawana mashine ya risiti, na utaratibu wa manunuzi wa kampuni umeandikwa kwa ajili ya wauza viti na karatasi. Tulichofanya ni kukaa naye kabla ya kuahidi chochote, tukaandika mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tukamsindikiza mchoraji mamlaka ya mapato, TRA, kuchukua TIN, na tukakubaliana alipwe ndani ya siku 14. Mwanzoni utaratibu ulisema siku 60. Kwa kampuni siku 60 ni kawaida. Kwa mtu anayenunua rangi kwa kopo ni miezi miwili ya kukaa bure.

Ukitaka kuwapata wasanii wenyewe, usianze na mtandao. Halmashauri ya Jiji la Mwanza, upande wa Nyamagana, na ile ya Manispaa ya Ilemela zina maofisa utamaduni. Chuo cha Ualimu Butimba kimefundisha walimu wa sanaa na muziki kwa miaka mingi, na baadhi yao wanachora baada ya vipindi. Ila njia yangu ya mkato ni fundi fremu. Yeye anajua nani anachora nini, nani anamaliza kazi kwa wakati, na nani anadaiwa fremu tangu mwaka juzi.

Kwenye sheria kuna fundo moja ambalo karibu kila kampuni hulikanyaga, na hulikanyaga Desemba. Kampuni imenunua picha kihalali, risiti ipo. Mwisho wa mwaka mtu wa masoko anaipiga picha kwa simu nzuri, anaiweka kwenye kalenda nakala elfu moja, na kwenye jalada la shajara za wateja wakubwa. Anaona amemsaidia msanii. Kumbe amechukua kitu ambacho hakukinunua. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kumiliki kanvasi ni jambo moja na kumiliki haki ya kuinakili ni jambo jingine. Haki hiyo hubaki kwa mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuihamisha kunataka maandishi. Vilevile ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomshushia heshima. Basi yule anayekata pembe ya chini ili picha ienee kwenye kalenda, na sahihi ya mchoraji ikaondoka na hiyo pembe, anajitafutia kesi mara mbili.

Dawa yake si ngumu. Kwenye ule ukurasa mmoja wa mkataba andikeni: picha itaonyeshwa wapi, mpaka lini, nani atalipa ikiharibika, na kama kampuni inataka kalenda, kadi au kuiweka mtandaoni, italipa kiasi gani cha ziada na jina litakaa wapi. Haki ya msanii haitegemei kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ila usajili humpa ushahidi siku ya mabishano.

Nije kwenye ladha, ambako nilijifunza kwa kuumia. Katika kundi la kwanza la picha kulikuwa na moja ya meli usiku, imelala kidogo upande kwa mawimbi, taa zake zikivunjikavunjika kwenye maji. Mimi niliiona nzuri kupita zote. Tuliitundika mbele ya kaunta. Siku ya pili dada mmoja wa kitengo cha madai akaniita kando, akaniomba niitoe. Hakueleza sana. Alisema tu, "Wa kwetu wako Igoma." Mtu wa Mwanza hahitaji maelezo zaidi: waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, wengi wamezikwa pale. Picha haikuwa ya MV Bukoba, mchoraji alikuwa hajazaliwa, lakini ukuta wa hapa haupokei meli iliyolala upande kama ukuta wa Dodoma unavyoipokea.

Na si meli tu. Mwaka 2006 filamu moja ya mtu wa nje kuhusu sangara wa Mwanza ilizua zogo lililofika mpaka kwa Rais Kikwete, hasa kwa vile ilivyowaonyesha watu wa hapa na mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa. Sasa mchoraji anapoleta picha ya kina mama wakikaanga mapanki moshi ukiwafunika, meneja wa kampuni ya minofu anaona balaa. Mchoraji anamwona mama yake, aliyemsomesha kwa mapanki hayohayo.

Sidhani jibu ni kutundika mawe na machweo tu. Mawe ya Bismarck, yale yaliyosimama ziwani hapa mjini, tumeyachoka, hata ndege wanaotua juu yake wameyachoka. Nionavyo mimi, kinachoamua ni mahali. Mteja aliye kwenye foleni hana pa kwenda, amelazimishwa kutazama. Picha nzito ikae kwenye chumba cha mikutano au ukumbini, ambako mtu anaweza kuipita au kuirudia. Ile ya mapanki tuliiweka ngazini, orofa ya pili. Na uchaguzi usiachwe kwa mtu mmoja. Tuliunda kikundi cha watu watano, akiwemo mhudumu wa usafi, na yeye ndiye aliyeona kitu ambacho sisi wenye digrii hatukukiona: nyavu kwenye picha moja zilikuwa zimechorwa zikivutwa kinyume. Mchoraji alirudi akazirekebisha, akacheka.

Picha ya kivuko nayo imebadilika maana bila kuguswa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, gari halipangi tena foleni Kigongo kusubiri kuvuka kwenda Busisi. Watu walioisonya foleni ile kwa miaka sasa wanasimama mbele ya picha kuwaonyesha watoto.

Hapo ndipo suala la mlango linapoingia. Sanaa ikiwa orofa ya tatu nyuma ya geti, daftari la wageni na kitambulisho, imejenga jamii ya wafanyakazi 30, jambo ambalo si dogo, lakini tusiliite mtaa. Sisi tulianza kufungua ghorofa ya chini Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 11 jioni. Kahawa, kashata, mchoraji mwenyewe yupo. Mara ya kwanza walikuja watu tisa, wanne wakiwa ndugu wa mchoraji. Mara ya tatu wanafunzi wa sekondari walikuja na madaftari, wakakaa sakafuni wakinakili. Meneja alitaka hotuba, tulimwomba asitoe. Kipimo changu cha kama jambo linakwenda si idadi ya waliopenda picha mtandaoni. Namuuliza mlinzi: wiki hii umeulizwa mara ngapi?

Mambo ya ukutani yenyewe nitayapita haraka. Jua la jioni hapa linapiga kutoka upande wa ziwa na kuunguza rangi, hivyo usitundike mkabala na dirisha la magharibi. Vinyago vya mpingo vikikaa chini ya kiyoyozi hupasuka. Ukuta wa jipsamu haubebi fremu nzito kwa msumari wa kawaida. Na ule msimu ambao vijidudu vya ziwa vinainuka kama moshi na kufuata taa, zimeni taa za picha usiku, la sivyo asubuhi mtafuta kanvasi kwa machozi.

Kuhusu kile kibandiko, tumekibadilisha mara kadhaa. Cha kwanza kilikuwa na jina na mtaa. Cha pili mtu wa makao makuu alikijaza maneno, "kwa kuthamini vipaji vya wenyeji, kampuni yetu inajivunia", mpaka jina la mchoraji likabanwa chini. Tukakitoa. Cha sasa kina jina lake juu kwa herufi kubwa, kisha Mabatini, kisha kile alichokichora kwa maneno yake mwenyewe: "Kigongo, saa nane mchana, kabla ya daraja." Chini yake bei. Na chini ya bei, kwa kalamu ya wino wa bluu, mlinzi ameongeza mstari ambao hakuna aliyemtuma: "Ukimtaka niulize mimi hapa getini."